Doa Jeupe Katika Ramani ya Kozumi

Ikarashi Tokuji ana umri wa miaka sitini na sita, na katika bandari ndogo ya Kozumi anajulikana kama mtu mwaminifu. Hajawahi kukosa mazishi ya jirani. Akiazima bisibisi, anairudisha siku hiyo hiyo ikiwa imefutwa mafuta. Kuna jambo moja tu ambalo hajawahi kulisema kwa ukweli tangu baba yake alipomkabidhi mashua, nalo ni mahali anapotega kaa. Hilo halihesabiwi kuwa uongo. Huko Kozumi, nahodha akitaja mahali pake pa kweli, watu humuuliza kama ana homa.

Manahodha wa kaa wekundu bandarini hapo ni kumi na mmoja. Kila mmoja anashusha madema yake, mitego ya kaa, kwenye kilindi cha mita mia tisa au elfu moja, yakiwa yamefungwa mia mia kwenye kamba moja, na kila mmoja anaamini kwamba wale kumi wengine wanaishi kwa ajili ya kumchungulia. Imani hiyo ina msingi. Homma Yasaku, ambaye mashua yake hufungwa kando ya ile ya Tokuji na ambaye amekuwa mpinzani wake tangu darasa la kwanza, humpokea hivi karibu kila adhuhuri:

"Leo mashua imelala chini kwa mzigo kweli kweli, bwana Ikarashi. Ulikuwa wapi?"

"Kusini kidogo. Bahati tu."

"Kusini! Mbona chumvi imekaukia ubavu wa magharibi?"

"Wewe Yasaku, ukiendelea kutazama mbavu za mashua yangu hivyo, mkeo atakuja kuniuliza mimi."

Miaka miwili iliyopita Chizuru, binti pekee wa Tokuji, aliacha kazi ya benki mjini Niigata akarudi nyumbani kuvua pamoja na baba yake. Ana miaka thelathini na minne, ana leseni ya unahodha, na mikono yake imekwisha kuwa migumu kama ya mama yake. Siku moja mashua itakuwa yake. Hata hivyo, kila wanapokaribia mahali pa kutegea, Tokuji huifunika mashine ya ramani kwa taulo.

"Baba, tuko pale pale pa jana," Chizuru alimwambia wiki ya kwanza.

"Pale wapi?"

"Pale tusipopajua."

Tokuji aliridhika na jibu hilo. Aliona mtoto ana kipaji.

Mahali penyewe familia inapaita Jikoni. Baba yake Tokuji alipaona mwaka wa tetemeko kubwa la Niigata, katika mashine ya zamani ya kutafutia samaki, ile iliyokuwa ikichora kwenye karatasi. Sindano ilichora kitu kama moshi uliokuwa ukipanda kutoka sakafu ya bahari, umesimama wima, kama kuna mtu huko chini anayepika wali. Alidhani ni kundi la samaki, akashusha dema. Lilipopanda lilikuwa limejaa kaa hadi mlangoni, na katikati ya kaa kulikuwa na matope, na ndani ya matope vipande vya barafu nyeupe vilivyokuwa vikichachatika kama mafuta kwenye kikaango na kunuka yai bovu. Baharia mmoja aliyeitwa Genzo alivitia kwenye ndoo, akawasha sigara, akainama avitazame vizuri. Barafu iliwaka. Genzo aliishi miaka arobaini zaidi, lakini nyusi zake hazikurudi sawasawa.

Tangu siku hiyo sheria za Jikoni zimekuwa mbili: hakuna kuvuta sigara, na barafu hutupwa baharini haraka. Kwa miaka sitini ukoo wa Ikarashi ulikuwa ukitupa kwa koleo kitu ambacho baadaye kiliandikwa kwenye mabango ya rangi kuwa ni tumaini la taifa.

Mabango yaliletwa na kampuni moja ya ushauri kutoka Tokyo, na pamoja nayo alikuja Dokta Minegishi Kahoru, mwanajiolojia mwembamba mwenye viatu visivyoingia maji na heshima nyingi kwa wenyeji. Alieleza mambo kwa ufasaha. Kwenye ukingo wa bara, alisema, kuna tabaka nene za matope ya kale, na humo viumbe vilivyooza vimetoa gesi ya methani. Gesi hupanda kupitia nyufa. Inapokaribia sakafu ya bahari hukuta maji yenye baridi kali na uzito wa mita mia tisa za bahari, hapo hushikwa na maji na kugeuka barafu. Barafu hiyo hukua ndani ya matope na kuyasukuma juu mpaka yawe vilima. Ikitolewa kwenye uzito ule huyeyuka na kuiachia gesi yake. Nchi isiyo na visima vya mafuta, alisema Dokta Minegishi, imelalia tanuri na haijui.

"Na kaa?" mtu aliuliza.

"Swali zuri sana," alisema, akaliandika. "Ndiyo maana tunataka kujua ninyi mnavua wapi, ili mradi wa kuchimba ukae mbali nanyi."

Kilichofuata kilifanyika katika ukumbi wa ushirika wa wavuvi, mchana kweupe, na hakuna aliyelazimishwa. Ramani kubwa ya bahari ilibandikwa ukutani. Kila nahodha alipewa vidoa kumi vyekundu vya gundi avibandike pale anapotega madema yake, kisha agonge muhuri wake chini. Dokta Minegishi alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa jambo moja: waliitwa mmoja mmoja, kwa kufuata umri, mbele ya wale wengine kumi.

Usami, mwenyekiti wa ushirika, alitangulia. "Ndugu zangu, tuwe wakweli, kwa faida ya vizazi vijavyo," alisema, kisha akabandika vidoa vyake vyote mahali ambapo mkondo ungeng'oa hata nanga ya meli ya abiria. Homma alichagua bonde lenye kina ambacho kamba zake zote zikiunganishwa hazifiki nusu. Tokuji aliweka vyake kwenye uwanda wa mchanga kusini, mahali pasipo na kiumbe, na alivipanga kwa uangalifu, viwili viwili, kama mtu anayepaona kwa macho. Kuwano Shigeo, ambaye huvaa miwani ya kusomea pale tu anapoikumbuka, alibandika haraka akarudi kuketi.

"Shigeo," alisema mwenyekiti, "hicho cha juu umekiweka nyuma ya hekalu. Hapo ni mlimani."

"Basi kisogeze kidogo. Kaa hutembea."

Mihuri kumi na moja iligongwa. Dokta Minegishi aliwashukuru kwa kuinama mara tatu. Alisema katika kazi yake yote hajapata kukutana na jamii yenye ushirikiano kama hii, na hapana shaka alimaanisha.

Ripoti ilitoka baada ya miezi minane, kurasa mia mbili na kumi na nne. Chizuru aliileta mezani mama yake akipakua supu ya miso. Ukurasa wa themanini na tisa ulikuwa na ramani. Vidoa vya manahodha, baada ya kompyuta kukiondoa kile cha mlimani, vilikuwa vimetapakaa pande zote za bahari kama upele, na katikati palibaki doa moja jeupe, safi, la mviringo. Chini yake paliandikwa: Eneo Lisilo na Shughuli za Uvuvi. Ndani ya doa hilo kulikuwa na msalaba mdogo uliotajwa kuwa Kilima Namba Saba. Hapo ndipo keekee kubwa ingeshushwa kuanzia Aprili kuchimba barafu pamoja na matope yake, na kwa miaka mitatu hakuna mashua ya uvuvi ambayo ingeruhusiwa kukaribia.

Tokuji aliweka kidole kwenye msalaba. Hakukiondoa.

"Ni Jikoni?" aliuliza mkewe, Fusae.

"Ni Jikoni," alisema Chizuru.

"Wewe umejuaje?" alisema Tokuji.

"Baba, taulo lenyewe lina tundu."

Hesabu yake haikuhitaji kalamu. Kamba nne kati ya tano za Tokuji hulala Jikoni. Bila Jikoni, mashua atakayoirithi Chizuru ni mashua ya kupeleka watalii kuona machweo, na Chizuru hutapika akizungukwa na watalii.

"Kuna siku ya kusikiliza maoni ya wananchi, Oktoba," alisema Chizuru. "Unasimama, unataja nambari za mahali, wanarekebisha ramani. Basi."

"Mbele ya Homma?"

"Mbele ya watu wote, baba Chizuru," alisema Fusae. "Si ndiyo maana ya wananchi?"

"Afadhali nivue nguo."

"Hilo hawataliandika kwenye kumbukumbu," alisema binti yake.

Kabla ya kufikia aibu hiyo, Tokuji alijaribu njia ya heshima zaidi. Alikwenda kumwona Dokta Minegishi peke yake, katika chumba alichopewa ghorofa ya pili ya halmashauri ya mji.

"Dokta, nina rafiki," alianza. "Anavua hapo kwenye doa jeupe."

"Rafiki gani?"

"Hapendi kutajwa."

"Hakubandika vidoa siku ile?"

"Alibandika. Lakini siku hiyo alikuwa na mafua."

Dokta Minegishi hakucheka. Alimvutia kiti, akamwonyesha picha ambazo kamera ilipiga huko chini, kwa furaha ya mtu anayeonyesha picha za harusi. Kilima kilionekana chini ya taa, cheupe mabegani pale barafu ilipotokeza kwenye matope. Vijidudu hula gesi, alieleza. Konokono na minyoo hula vijidudu. Kaa huwafuata hao. Na kweli kaa walikuwapo, wamepandana, wekundu, wengi kiasi kwamba Tokuji alilazimika kutazama dirishani ili uso wake usiseme neno.

"Na hapa tumeona jambo la kusikitisha kidogo," aliendelea mtaalamu. "Tazama."

Pembeni mwa kilima lililala dema, kamba yake imekatika, na utepe wa buluu umefungwa mlangoni. Utepe huo Fusae huununua duka la vifaa vya bustani.

"Kwa kuwa ninyi wote mmethibitisha kwamba hapa hakuna anayevua," alisema Dokta Minegishi, "tumehitimisha kwamba limesukumwa na mkondo kutoka mbali. Labda kilomita arobaini."

Tokuji alilitazama dema lake.

"Maskini," alisema. "La nani hilo?"

Kabla hajaondoka alielezwa utaratibu, kwa upole. Ramani yenye mihuri kumi na moja haiwezi kubadilishwa kwa maneno ya faragha. Mhusika asimame mwenyewe siku ya maoni, aseme kwa sauti, yaandikwe. Ikiwezekana alete ushahidi.

Neno ushahidi lilimpa moyo. Asubuhi ya siku ya maoni Tokuji na Chizuru walikwenda Jikoni, wakapandisha kamba moja, na kutoka kwenye matope ya dema la sitini Chizuru alichomoa bonge la barafu kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Safari hii hawakulitupa. Walilifungia kwenye friza ya chambo, katikati ya samaki walioganda, na bandarini wakalihamishia kwenye sanduku la povu. Friza ya chambo ni baridi vya kutosha kulituliza bonge la namna hiyo. Sanduku la povu si friza, lakini Tokuji alikadiria kwamba lingestahimili nusu saa, na maoni ya wananchi yalipangwa kuanza saa nane kamili.

Yalianza saa nane kamili. Tokuji, ambaye amehudhuria mikutano ya Kozumi maisha yake yote, alipaswa kujua maana yake. Meya alitoa salamu. Naibu wake alimshukuru meya kwa salamu. Mwenyekiti wa baraza alikumbusha historia ya mji tangu enzi za mabwana wa ngome. Mwenyekiti Usami alisema hana mengi ya kusema, akayasema. Kisha zikasomwa telegramu za pongezi kutoka kwa wabunge ambao hawakuweza kufika, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja watu walipiga makofi, kama kawaida ya watu wanaopongezwa na karatasi.

Wakati wa telegramu ya tatu sanduku lilianza kusema. Chach, chach, chach. Ilipofika ya tano, harufu ya yai bovu ilikuwa imefika safu ya mbele.

"Umekula nini wewe?" mwenyekiti Usami alimnong'oneza Kuwano.

"Mimi? Nilidhani ni meya."

Mama mmoja wa chama cha wanawake alisimama kimya kimya akafungua madirisha mawili. Tokuji alikaa na sanduku mapajani, amelikumbatia, jasho likimtoka, akisikia tumaini la taifa likiisha vidoleni mwake. Alipoitwa ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Alipanda jukwaani, akafungua kifuniko mbele ya watu wote. Ndani kulikuwa na maji ya matope. Povu moja lilipanda juu, likapasuka.

"Ilikuwa barafu," alisema Tokuji.

Ukumbi ulimtazama kwa huruma. Alimwona Chizuru kwenye safu ya nne, mikono imekunjwa, hatabasamu wala hasikitiki, anangoja tu. Tokuji akavuta pumzi.

"Kwenye doa jeupe mimi navua. Baba yangu alivua hapo. Vidoa nilivyobandika ni vya uongo." Kisha akataja nambari za mahali, digrii na dakika, hadi tarakimu ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Rudia tafadhali," alisema karani, "kwa ajili ya kumbukumbu."

Akarudia. Kuwano Shigeo alikuwa wa kwanza kucheka.

"Mzee Ikarashi kataja mahali pake! Mleteeni kipimajoto!"

"Anatafuta nini hapo?" alisema mwingine. "Juzi alisema kusini."

"Miaka yote amesema kusini!"

Dokta Minegishi alisubiri kicheko kiishe. Alisema anathamini sana mchango huu, lakini upande mmoja kuna ramani yenye mihuri, na upande wa pili kuna mtu mmoja na sanduku la maji. Utaratibu unataka mtumiaji wa pili wa eneo hilo athibitishe. Je, yupo?

Hakuna aliyesogea. Homma Yasaku alikuwa akitazama ndara za ukumbi alizovaa, kama mtu anayefikiria kuzinunua. Kila mmoja katika safu ya manahodha alielewa swali lilikuwa linauliza nini: je, yupo kati yenu mwizi wa mahali pa mwenzake, ambaye yuko tayari kusimama?

"Kama hayupo, tuendelee," alisema mwenyekiti wa baraza.

"Tarakimu ya mwisho si nne," alisema Homma bila kuinua kichwa.

"Tafadhali simama, bwana Homma."

Akasimama. "Si nne. Ni sita. Kwenye nne ni ukingoni, hupati hata kaa kilema. Amewapa nne makusudi. Hata leo mdomo wake umegoma."

Tokuji alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Wewe Yasaku, umejuaje?"

"Niliuona moshi kwenye mashine yangu, kama baba yako. Naenda Jumanne na Ijumaa, ukiwa kwa daktari wa mgongo. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Kumi na tisa!"

"Na lile dema la buluu kwenye picha, nililikata mimi. Lilikuwa limelalia kamba yangu. Samahani, Fusae, najua ni wewe unayefunga utepe."

"Ni sita kweli?" karani alimuuliza Tokuji.

Tokuji alilifunga sanduku kwa kifuniko chake.

"Ni sita," alisema.

Hapo ilisikika sauti ndogo, kama panya darini. Manahodha tisa walikuwa wakiandika: kwenye viganja, kwenye pakiti za sigara, na Kuwano kwenye telegramu ya mbunge. Hawakuwa na haja ya kuhangaika, kwa sababu kumbukumbu za mkutano ziligawiwa kwa kila kaya wiki iliyofuata, nambari zikiwa zimechapishwa kwa wino mzito.

Mradi ulihamishwa. Ramani mpya ilitayarishwa na msalaba ukapelekwa Kilima Namba Kumi na Moja, kilomita nyingi kaskazini, ambako pia hakukuwa na kidoa hata kimoja. Dokta Minegishi aliuliza mara mbili kama kuna mwenye pingamizi. Kuwano Shigeo alipauka, akafungua mdomo, akawatazama wenzake kumi waliokuwa wamekwisha shika kalamu, akaufunga.

Jikoni imesalimika. Siku ya kwanza bahari ilipotulia, mashua kumi na moja zilikutana hapo kabla jua halijapanda vizuri. Kamba zilisokotana kiasi kwamba ilichukua siku tatu kuzitenganisha, na maneno yaliyopita redioni hayawezi kuandikwa. Chizuru ndiye aliyekata shauri. Alizunguka nyumba kwa nyumba na orodha ya zamu, akianzia kwa Homma, ambaye alimkaribisha chai na hakuthubutu kubisha. Ukoo wa Ikarashi, kwa kuutambua ugunduzi wa babu, ulipewa Alhamisi nzima. Wengine waligawana siku zilizobaki, wawili wawili. Tokuji alikataa kutia sahihi karatasi iliyokuwa na nambari za kweli juu yake. Alisema si vizuri mtu wa umri wake kujizoesha kusema kweli. Sahihi ya nahodha ni ya Chizuru.

Alhamisi ya kwanza walipata makreti kumi na manne. Zamani wangepata arobaini. Tokuji alirudi akakaa wiki mbili nyumbani, akisema ni mgongo, na Chizuru akaendelea kwenda baharini siku nyingine zote pamoja na baharia wa kuajiriwa. Jumatatu moja mashua ilirudi imelala chini kuliko mwaka wowote ule anaoukumbuka. Tokuji aliteremka gatini kwa fimbo.

"Hawa umewatoa wapi?"

Chizuru aliendelea kukunja kamba. "Kwenye ule uwanda wa mchanga, kusini. Pale ulipobandika vidoa."

Tokuji anaujua uwanda ule. Hakuna kaa aliyewahi kukanyaga pale. Alimtazama binti yake usoni, naye alimtazama bila kupepesa jicho, kwa heshima zote.

"Ahaa," alisema Tokuji. "Kusini."

Jioni ile alimwambia Fusae kwamba anastaafu, kwa kuwa mashua imekwisha kupata nahodha.